Masikio Kwenye Mbao za Poni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa mambo mawili kabla sijaonyeshwa hata pa kuweka mkoba. Kiwanda kilikuwa cha kupasua mbao, kaskazini mwa Uganda, pembeni mwa shamba kubwa la paini. Mimi nilikuwa mkimbizi kutoka Sudan ya Kusini, nina cheti kipya cha misitu na viatu vya kuazima vilivyonibana. Mkuu wa Kiwanda alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akauliza, "Wewe ndiye yule mkaguzi mwanamke?" Nikamwambia ni mimi, maana pale uwanjani sikuona mwanamke mwingine wa kusingiziwa.

"Basi sikiliza," akasema. "La kwanza, mkaguzi hanywi chai ya mwenye mbao, hata kama ni mjomba wake. La pili, ukishaikataa mbao ya mtu, ondoka. Usisimame kumwonea huruma, wala usirudi kumpa pole. Ukirudi atalia, nawe utalia, na kesho utapitisha boriti itakayoua watu."

Nilidhani mzee anatia chumvi. Hakutia. Kazi yote aliniambia pale pale, pamoja na upweke wake, ila mimi nilisikia kazi tu. Sasa nyinyi vijana mnaoanza ukaguzi hapa Juba mmeniomba niwaeleze zamani mbao zilikaguliwaje, nami sina kazi nyingine siku hizi, nitawaeleza. Lakini mtanivumilia nikieleza pia jinsi ukaguzi ulivyonitenga na Poni, rafiki pekee niliyekuwa naye, kwa sababu sijui kusimulia moja nikaacha jingine.

Tuanze na adui. Asubuhi ile ile Mkuu wa Kiwanda alinipeleka nyuma ya banda, kwenye kisiki cha paini kilichokuwa kimekufa zamani. Ubavuni kilikuwa kimeota vitu bapa, vigumu, vimepangana kimoja juu ya kingine. Juu vilikuwa vya rangi ya kutu, vina vinyweleo vya kukwaruza, na ukingoni vina mstari wa rangi ya chungwa. Chini yake kulikuwa na mikunjo myembamba iliyosimama mmoja mmoja mithili ya kurasa za kitabu.

"Hii unaiitaje?" akauliza.

"Uyoga."

"Uyoga unaliwa. Hili ni sikio. Likishatokeza nje, ujue ndani wameshamaliza kula."

Vitabu huliita kuvu rafu, kwa kuwa huota kama rafu iliyopigiliwa ukutani. Sisi wa uwanjani tulisema sikio, na mpaka leo sijapata jina zuri kuliko hilo. Chakula chake hasa ni mti uliokufa wa jamii ya paini na saipresi, ile miti yenye majani ya sindano na matunda magumu ya magamba. Liwekee ubao wa mti huo mahali penye mvua, utalipata. Na mnalotakiwa kushika ni hili: sikio lenyewe ni tunda tu. Mlaji ni nyuzi nyembamba sana zinazotembea ndani ya mbao, huzioni, na huenda zimekuwa humo tangu gogo lilipolala chini shambani. Ukilikata sikio na kulitupa, umechuma tunda, lakini mti wake umeuacha ndani unaendelea kula.

Nyuzi hizo hula ile sehemu nyeupe inayoupa ubao nguvu, zikaacha ile ya kahawia. Mwishoni ubao hukauka, hupasuka vipande vya pembe nne, ukivisugua kwa vidole vinakuwa unga. Hapo hata kipofu anajua kwamba ubao umeoza, hahitaji mkaguzi. Hatari iko mwanzoni. Mwanzoni uzito ni ule ule, rangi ni karibu ile ile, fundi anaupiga randa na unang'aa, kumbe nguvu zimeshatoka. Tena kuvu hili halitishwi na jua. Uyoga mwingine hufa kwa kiangazi, lakini hili hukauka likawa kama soli ya kiatu, likangoja, mvua ikinyesha linaamka na kuendelea lilipoishia. Kwa mji wa jua kali na mvua kali kama Juba, hakuna mlaji mbaya kwetu kuliko huyu.

Vifaa vyetu vilikuwa vitatu. Cha kwanza ni macho. Cha pili ni nyundo ya muhuri, yenye nyuso mbili: uso mmoja una alama ya ofisi, maana yake mbao imepita, na uso wa pili una msalaba, maana yake imekataliwa. Kabla ya kupiga muhuri unaigonga mbao kidogo na kusikiliza. Nzima hujibu, mbovu hunyamaza. Cha tatu ni chuma chembamba chenye ncha. Unakidunga kwenye ubao, unakiinamisha, unanyanyua kibanzi. Ubao mzima hutoa kibanzi kirefu, chenye nyuzi, na hulia kwa sauti unapokatika. Ubao ulioliwa hutoa kibanzi kifupi kinachovunjika juu ya chuma bila kelele, kama biskuti. Mkuu wa Kiwanda alinifanya nidunge mbao siku nzima, nzima na mbovu, huku nimefumba macho. Jioni vidole vyangu vilikuwa na malengelenge, naye akasema, "Kesho utaanza kujifunza." Huyo ndiye mwalimu niliyepewa.

Usiku nililala kambini. Poni alikuwa jirani yangu huko, nyumba yake ya nyasi ikigusana na yangu. Mwanamke mfupi, mwenye mdomo, ambaye hakuwahi kupita penye watu wawili bila kuwafanya watatu. Nilipokuwa chuoni nikisomea misitu, mwanangu wa kiume alikaa mgongoni kwake zamu kwa zamu na binti yake. Mume wangu alipofariki, Poni alihamia kwangu na sufuria yake, akapika hapo mpaka nilipoanza kula mwenyewe. Alikuwa akinitania kwamba nimesoma shule yote hiyo ili nigonge miti kama ndege. "Hata ndege ile nagonga bure," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kambini, "wewe nalipwa!" Basi tunacheka. Kila mtu alikuwa na marafiki wa mtoni, wa sokoni, wa kanisani. Mimi nilikuwa na Poni, na kwa kuwa alinitosha sikutafuta mwingine.

Amani ilipokuja tulirudi nyumbani. Mimi nilipangiwa kwanza Nimule, mpakani, ambako malori ya mbao kutoka Uganda huingia. Mkubwa wetu pale alikuwa Msimamizi wa Kituo, bwana mnene aliyeogopa jua, ambaye alikagua mbao akiwa ndani ya kivuli cha lori huku akituamuru kwa kidole. Alikuwa na usemi wake mmoja. Dereva akilalamika kwamba tumemchelewesha, Msimamizi humwambia, "Mbao haina haraka. Ilikaa imesimama miaka ishirini." Nilimpenda kwa hilo. Nimule nilijifunza kupanda juu ya mzigo, kwa sababu wenye lori hupanga mbao nzima pembeni na zenye masikio katikati. Nilijifunza pia kunusa mafuta machafu ya injini, ambayo wengine hupaka kuficha rangi ya kuoza. Na nilijifunza kula peke yangu. Madereva walikuwa na jiko lao na utani wao, na nilipokaribia utani ulikatika.

Kisha nikahamishiwa Juba, nikabaki hapa mpaka mwisho. Mkubwa wangu hapa alikuwa Mkurugenzi Msaidizi, mtu mpole, aliyenikabidhi nyundo mpya na kusema, "Mama Kiden, huu mji unajengwa kwa haraka. Wewe uwe polepole kwa niaba yetu sote." Nikawa polepole. Asubuhi nilizunguka yadi za Malakia, mchana nilikwenda kwenye majengo. Watu walinitambua kwa mbali kwa ile nyundo kiunoni. Nilikuwa nikiingia kwenye yadi, vijana wanaopakua wanashusha sauti. Nikitoka, nasikia kicheko kinarudi nyuma yangu.

Kulikuwa na Hajji mmoja, Msomali kutoka Kenya, mwenye yadi safi kuliko zote pale Malakia. Mbao zake alizipanga juu ya vipande vya matofali ili zisiguse udongo, jambo ambalo ni wachache hulifanya. Kila asubuhi aliagiza glasi mbili za chai kutoka kwa mama wa chai wa ng'ambo ya barabara.

"Mama, leo pia hutakunywa?"

"Leo pia, Hajji."

"Si dawa, ni chai tu. Nikikupa sumu, nani atanipigia muhuri?"

"Hapana, Hajji. Ahsante."

"Sawa basi. Maji?"

"Nina maji yangu."

Ile glasi ya pili humpa kibarua aliye karibu. Mazungumzo yetu yalikuwa hayo, miaka nenda miaka rudi, na nakiri kwamba siku alipokwenda Hija niliyakosa sana.

Poni naye alikuwa amepata kiwanja Gurei, magharibi ya mji, na mimi nikapata changu huko huko, mitaa michache kutoka kwake. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake, nikala, nikachekwa. Hiyo ilikuwa siku yangu ya kuongea. Siku nyingine sita nilizungumza na mbao.

Poni alikuwa amewakusanya wanawake waliokuwa kambi moja na sisi. Walitaka kujenga ukumbi wao wa kukutania, wa kushonea nguo na kufanyia sherehe za watoto, ili wasiombe tena nafasi ya mtu. Kuta walizijenga wenyewe kwa matofali waliyochoma wenyewe. Ikabaki paa. Ndipo shirika moja pale Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, lilipofunga ofisi na kubomoa ghala lake. Mlinzi alimjua Poni, Poni akamjua mkubwa, na wanawake wakapewa kenchi zote za lile ghala, mbao za paini ndefu na nene. Walizibeba kwa mikokoteni huku wakiimba njia nzima. Kitu ambacho hawakuulizia ni kwamba mbao hizo zilikuwa zimelala chini kwenye majani, nyuma ya ghala, mvua baada ya mvua.

Paa la mahali pa kukusanyikia watu lazima lipite kwa mkaguzi. Hiyo ni sheria, na Gurei yote mkaguzi alikuwa mimi. Poni alinicheka Jumapili iliyotangulia. "Sasa utakuja kugonga mbao yangu! Vaa nguo mzuri."

Nilivaa. Nilipofika niliwakuta wanawake wote wamejipanga uwanjani, na mbao zimepangwa juu ya mikeka. Mikeka, jamani! Sijawahi kuona mbao zimelazwa kwenye mkeka. Zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni, zimekwanguliwa kwa visu, kisha zimesuguliwa mafuta ya lulu, ya mbegu za mti wa porini, yale tunayojipaka mwilini, mpaka zinang'aa kama watoto wanaokwenda kubatizwa. Harufu yake ilijaa ua mzima. Pembeni sufuria zilikuwa motoni, na wasichana walikuwa wamesuka nywele. Kwa wanawake wale kitu kitakachoinuliwa kwa ajili ya watu na Mungu hakiwezi kuinuliwa kichafu, kwa hiyo waliosha.

Nilishika ubao wa kwanza nikautazama chini ya yale mafuta. Kulikuwa na makovu. Vialama bapa, vya rangi iliyopauka, vimepangana kwenye ubavu wa ubao kimoja juu ya kingine.

"Poni, hapa mlitoa nini?"

"Hapo? Kulikuwa na kitu kama sikio, sikio. Mingi!" akasema kwa fahari, akawageukia wenzake wathibitishe. "Sisi natoa yote. Mama Juan alikata na panga. Ilikuwa chafu sana, sasa khalas, iko safi."

Wakapiga vigelegele kwa ajili ya Mama Juan.

Nilitoa chuma changu. Nilidunga ubao, nikainamisha, kibanzi kikavunjika kifupi bila sauti. Nikaenda kwenye wa pili. Nikaenda wa tatu, nikadunga kwenye ncha, nikadunga katikati, nikadunga chini. Nilikuwa naomba Mungu, nasema wazi, nilikuwa naomba nisikie ubao mmoja ukilia. Nikagonga kwa nyundo, na zile mbao nzuri zenye harufu ya lulu zikanyamaza zote. Wanawake nao walikuwa wamenyamaza. Walikuwa hawajui naona nini, lakini walikuwa wanajua uso wangu.

"Kiden," Poni akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Iko mzuri, hapana?"

"Poni, zimeliwa. Ndani zimeliwa. Yale masikio ndiyo yalikuwa yanatuambia."

"Lakini sisi nimetoa."

"Mlitoa ya nje."

Nilimwona anatafuta utani wa kusema, maana siku zote alikuwa nao, na safari hii hakuupata. Niligeuza nyundo upande wa msalaba. Nilianza na ubao uliokuwa karibu yangu nikaendelea mpaka wa mwisho, na kila nilipopiga, mafuta yalitoa tone dogo likabaki kwenye alama. Mtu mmoja nyuma alianza kulia, sikugeuka kuona ni nani. Nilipomaliza nilifanya kama nilivyofundishwa. Niliondoka. Sikusimama, na jioni ile sikurudi kutoa pole.

Ningependa kuwaambia kwamba baadaye ilithibitika nilikuwa sahihi. Vijana mnapenda hadithi ambazo ukuta unaanguka na mkaguzi anaonekana shujaa. Hakuna kilichoanguka. Wanawake walizikata zile mbao zikawa kuni, zikawaka upesi na kuisha upesi, na baada ya muda wakapata mabomba ya chuma wakaunda kenchi za ukumbi wao kwa hayo, wakaezeka. Upo mpaka leo, mmeupita mara nyingi. Kazi yetu iko hivyo. Mbao uliyoikataa haipati nafasi ya kuonyesha ingefanya nini, na watu ambao hawakuangukiwa na paa hawajui kwamba kuna siku hawakuangukiwa. Nina hakika na vidole vyangu. Lakini hakika hiyo ni yangu peke yangu, hakuna wa kugawana naye.

Jumapili iliyofuata sikwenda kwa Poni. Niliwaza, mtu huyu umemvunjia sherehe, umemwaibisha mbele ya watu wake, mpe nafasi apumue. Jumapili nyingine nikawaza hivyo hivyo. Kisha zikawa nyingi, na kadiri zilivyokuwa nyingi ndivyo ilivyokuwa vigumu. Nilikuwa nikimwona kwa mbali sokoni Gurei, mfupi vile vile, amesimama katikati ya watu, nami ndiye niliyekuwa navuka barabara kwanza ili nisimpe taabu ya kunikwepa. Niliona huo ni ustaarabu. Kanisani nilihamia ibada ya asubuhi na mapema. Mwanangu akipiga simu kutoka Kampala na kuuliza, "Mama Poni hajambo?" namjibu hajambo, na ukweli ni kwamba sikuwa najua.

Miaka ikaenda namna hiyo. Niliwafundisha wengine wenu, niligombana na wakandarasi, nilipata homa nikapona mwenyewe. Wakubwa walibadilika. Aliyekuwa wa mwisho, Mkurugenzi, ndiye aliyenifanyia sherehe ya kustaafu pale ofisini, na soda na keki, akasema katika hotuba yake kwamba hakuna hata mtu mmoja anayeweza kusema Mama Kiden alimpendelea. Watu wakapiga makofi. Mimi nikawa natafakari hayo maneno huku nimeshika soda yangu. Hata mtu mmoja. Kisha nikakabidhi nyundo, maana ni mali ya ofisi.

Kustaafu kuna shida zake ambazo hamtaambiwa kazini. Asubuhi naamka mapema kama kawaida na sina pa kwenda. Nilikuwa nikitembea naona mlango wa jirani naugonga kwa kifundo cha kidole kusikia, mpaka mwenye nyumba anatoka kuuliza, "Nani?" Wiki ya kwanza nilikwenda Malakia kwa Hajji, nikamwambia leo nitakunywa. Alifurahi sana. Akaagiza zile glasi mbili, tukakaa. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Tulipokunywa nusu tukagundua kwamba hatuna la kuzungumza, kwa sababu mazungumzo yetu yote yalikuwa ya mimi kukataa. Akaniuliza habari za watoto, nikamuuliza za biashara, tukamaliza, tukaagana vizuri. Sikurudi tena, wala sidhani alinitegemea.

Ndipo mvua za mwaka jana ziliponyesha, na nguzo moja ya ua wangu, ya paini, ikaota sikio. Niliiona asubuhi nilipokwenda kumwaga maji. Lilikuwa moja tu, dogo, bado linakua, na ule mstari wa ukingoni ulikuwa wa rangi ya chungwa mbichi kabisa, una unyevu wa mvua. Nilichuchumaa nikalitazama kwa muda mrefu. Maisha yangu yote nilikuwa nikiona sikio naona hukumu. Siku hiyo hapakuwa na mbao ya mtu, hapakuwa na wa kuhukumiwa, kulikuwa na mimi na nguzo yangu. Na nililiona ni zuri. Rangi zile, na ile mikunjo ya chini ilivyonyooka bila fundi. Nikageuka kumwambia mtu, "Njoo uone," na ua ulikuwa mtupu.

Nilikaa chini kwenye matope nikalia. Sikulia kwa ajili ya ua, nguzo moja hubadilishwa. Nililia kwa sababu nilijua ni nani nilitaka aje aone, na nilijua nyumba yake iko wapi, na ilikuwa karibu.

Nilikata lile sikio kwa kisu. Nilinunua sukari dukani, kwa sababu mtu haendi kwa mwenzake mikono mitupu, nikatia vyote kwenye mfuko mmoja.

Nilimkuta Poni uani kwake amekaa kwenye mkeka, anachambua mboga ya kudra. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mvi. Nilipiga hodi ingawa tulikuwa tunatazamana. Hakuinuka.

"Umechelewa," akasema.

Nikatazama jua. Ilikuwa bado asubuhi. "Nimechelewa nini?"

"Chakula. Ile siku ya mbao. Mimi napika, mimi nangoja wewe. Kuku naingia kulala, wewe mafi, hapana kuja. Kesho yake napa mbwa."

Nilishika mwimo wa mlango. "Poni, nilijua umenikasirikia."

"Nilikasirika! Nani hawezi kasirika? Wewe napiga msalaba kwa mbao yangu, wanawake yote naona." Akakonyoa bua la kudra akalitupa pembeni. "Lakini mtu ya hasira hakuli?"

Kazini nilifundishwa kwamba mtu niliyemkatalia hataki kuniona. Hakuna aliyenifundisha kwamba huenda amepika.

"Na wewe mbona hukuja kwangu?" nikamuuliza, kwa sababu nami nina mdomo.

"Mimi? Msalaba napigwa mimi, tena na kuja nakuja mimi?"

Akanyoosha mkono akachukua mfuko, akatoa sukari, akaona kilichokuwa chini yake. Akaligeuza lile sikio, akalinusa, akalikwaruza kwa ukucha.

"Iko ile?"

"Ndiyo ile. Imeota kwenye ua wangu."

"Kwako?" Macho yake yakaanza kubadilika, ninayajua. "Umepiga msalaba?"

"Walichukua nyundo."

Poni alicheka mpaka akashika mbavu. Alicheka mpaka binti yake akatoka ndani kutazama. Nami nilicheka, nikaketi kwenye mkeka bila kukaribishwa, na akanisukumia nusu ya kudra nichambue.

Tulipata mvua zile tu. Kila siku nilikuwa kwake. Kiangazi kilipoingia miguu ilimshinda, binti yake akaolewa Arua, kule Uganda, akamchukua, na huko hospitali ziko karibu zaidi. Hupiga simu, lakini Poni kwenye simu si Poni, hupiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, kisha salio linakatika. Gurei imenirudia kimya.

Kwa hiyo nyinyi mnaoshika nyundo sasa, kila alichonifundisha Mkuu wa Kiwanda ni kweli na mkifuate. Msinywe chai ya mwenye mbao. Dungeni kila ubao, hata uliooshwa, hata unaonukia. Ukiwa na kovu la sikio, upigeni msalaba, hata kama umelazwa kwenye mkeka na wenyewe wanaimba, na mkishapiga ondokeni. Lakini mkifika nyumbani vueni viatu, naweni mikono, kisha rudini kwa mwenye mbao jioni ile ile, mkapige hodi. Chakula kinapoa.